Salamu Juu ya Buna

Kongoti walikuwa wamejipanga juu ya paa la banda la kuegeshea ndege, Garissa, tangu alfajiri, na Kaaha hakuwapenda. Siku nyingine huwa kwenye jalala la kichinjio, ng'ambo ya barabara, wakigombania matumbo ya ngamia. Leo walikuja hapa. Walisimama kimya, shingo zimezama mabegani, wakitazama chini kama watu waliofika matangani mapema.

"Wafukuze basi," alimwambia habaryar Weris, mdogo wa marehemu mama yake, aliyekuwa akishusha chupa za chai kutoka kwenye tuktuk.

"Niwafukuze nina mabawa? Wamekuja kumwona bwana harusi. Hata mimi nimekuja kumwona."

"Bado si bwana harusi."

"Akirudi jioni na baba yako akiwa mzima kwenye kile kiti, ni bwana harusi. Kama sivyo, hii garbasaari mpya umejifunika kwa ajili ya nani? Ya mbuzi wa Buna?"

Kaaha alicheka, lakini kicheko chenyewe kilikatika kabla hakijafika mbali. Aliinua sanduku la barafu lenye chanjo, akaingia nalo bandani. Kazi yake ilikuwa katika ofisi ya mifugo. Mvua ya msimu uliopita ilikuwa imekata barabara ya kaskazini, na kule Buna mbuzi walikuwa wakifa kwa tauni yao, wakidondoka mmoja mmoja kando ya mabirika. Chanjo haingefika kwa lori.

Ndani, ndege ya baba yake ilikuwa imeinua uso. Ilikuwa ndege ya zamani, yenye gurudumu dogo chini ya mkia na mabawa mapana juu ya mgongo, iliyoundwa kwa ajili ya viwanja vifupi ambavyo ndege nyingine huvikimbia. Baba huyo, Kapteni Alio, aliirusha ujana wake wote, Griftu, Buna na kwingineko, kisha akamkabidhi mwanawe, Warsame. Na Warsame akafa ndani yake, akiondoka Griftu, pale injini ilipokohoa mara moja tu ikanyamaza.

Mtu aliyejaza petroli kutoka kwenye pipa siku ile alikuwa Hamse, fundi na rafiki wa Warsame.

Wakaguzi walikuja, wakapima, wakasema hawawezi kujua kama yalikuwa maji kwenye petroli au uzee wa injini. Kapteni Alio yeye alijua. Tangu siku ya mazishi hakulitaja tena jina la Hamse. Alimwita "yule wa pipa".

Hamse hakujitetea. Aliyakusanya mabaki, akayaleta Garissa kwa lori, akaanza kuyanyoosha. Petroli ya ndege ilikuwa haifiki tena kaskazini ila kwa mapipa, na mapipa ndiyo aliyoapa hatayagusa. Kwa hiyo aliing'oa ile injini kubwa ya pistoni, duara kama sinia la harusi, akatia injini ya turbini, ambayo huzunguka kwa upepo wa moto na kunywa mafuta yale yale ya ndege kubwa. Turbini ilikuwa nyepesi kuliko chuma kile cha kale, hivyo ilimbidi aisogeze mbele sana ili ndege isilemewe na mkia. Ndege ikaota pua ndefu. Watu wa mtaani wakaiita Sagaaro, yaani dikidiki, na wakizidi kuchangamka humwuliza Hamse kama inakula majani.

Mwanzoni Kaaha alikuwa akija bandani kumlilia kaka yake. Alikuwa akikaa juu ya kreti, akitazama mabati yaliyokunjamana, na Hamse akiendelea na kazi bila neno, naye akilia kwa namna yake, kwa msasa na spana. Hakuna aliyeweza kusema ni lini kilio kiligeuka kuwa mazungumzo, wala ni lini mazungumzo yaligeuka kuwa kitu ambacho habaryar Weris alikiona usoni pa Kaaha kabla mwenyewe hajakiona.

Kulikuwa na siku moja aliyoikumbuka kuliko zote. Hamse alimkaribisha kwenye kiti cha rubani, injini ikiwa imezimwa, milango yote wazi ili watu waone.

"Hii ni leva ya nguvu," alisema. "Ishike."

Aliishika. Mkono wa Hamse ukaja juu ya wake, ukaelea pale bila kugusa, karibu kiasi kwamba alihisi joto la kiganja chake.

"Ivute nyuma. Polepole. Umesikia imegota?"

"Imegota."

"Hapo ndipo mpaka. Hapo injini inapumua tu. Sasa inyanyue kidogo, halafu vuta tena."

Leva ilipanda ngazi ndogo, ikarudi nyuma zaidi, laini kama kisu kwenye samli.

"Huko ni kwa ajili ya ardhini tu. Propela inageuza makali yake na kusukuma nyuma, ndege isimame upesi. Ukivuka mpaka huu ukiwa hewani, Kaaha, ni kama farasi kufungwa kamba miguuni akiwa mbioni. Hakuna rubani wa kuiokoa."

"Kwa nini unaniambia mimi? Mimi sirushi ndege."

Hamse aliutazama mkono wake uliokuwa ukielea. "Nataka kuwe na mtu mmoja anayejua kila kitu ninachokijua," alisema. "Nikisahau, anikumbushe."

Ndipo Kapteni Alio alipotoa sharti. Hakulisema kwa Hamse, alilisema kwa ukuta, watu wakiwa wamekaa wakinywa chai: "Kama kitu hicho kitanifikisha Buna mbele ya mama yangu na kunirudisha, yule wa pipa na alete wazee wake waje kuposa. Kama hakitanirudisha, basi hakutakuwa na mtu wa kuwapokea."

Sasa siku ilikuwa imefika. Wazee wa Hamse, wakiongozwa na ami yake Khalif, walikuwa wameketi kwenye mkeka kivulini, ndevu zimetiwa hina. Upepo ulitoka upande usio wake. Mbali kaskazini upeo wa mbingu ulikuwa na rangi ya maziwa yaliyoungua.

Kapteni Alio alikuja kwa miguu, amevaa shati lake jeupe la kazi lenye mistari mabegani. Kaaha hakuwa amemwona nalo tangu msiba. Lilikuwa limempwaya.

"Assalamu alaykum."

"Wa alaykum salaam, Kapteni," waliitikia wazee.

Aliizunguka ndege, akaipiga pua kwa kifundo cha kidole. "Mmeifanya fisi wa makaburini," alisema. "Inanusa nini huko mbele?"

"Inanusa Buna, adeer," alijibu Hamse, akimwita ami kwa heshima.

Wazee wakaangua kicheko. Kapteni Alio hakucheka, alimgeukia kijana huyo.

"Uko tayari, Hamse?"

Jina lilikuwa limetoka. Habaryar Weris aliuma ncha ya shali yake. Hamse aliinamisha kichwa ili asionekane macho.

"Niko tayari, adeer."

"Vizuri. Utairusha wewe, na utaitua wewe. Mimi nitakaa kulia kama abiria. Lakini tukifika juu ya Buna utaniachia kidogo. Mama yangu hajasalimiwa tangu Warsame."

Kaaha alikuwa akifunga mkanda wa masanduku ya chanjo. Mikono yake ikasimama.

Aliijua salamu ile. Kila mtu wa Buna aliijua. Ayeeyo Lul, mama yake Kapteni, macho yake yalikuwa yameingia ukungu zamani, na mwanawe humjulisha kwamba amefika kwa kupita juu ya makao yake na kunguruma: leva mbele mpaka mwisho, kisha nyuma mpaka ndege inyamaze kabisa, kisha mbele, kisha nyuma. Mara mbili. Bibi kizee yule hutoka nje na kuinua fimbo yake angani. Warsame alirithi salamu hiyo pamoja na ndege.

Utotoni Kaaha alikaa kiti cha nyuma mara nyingi, akiutazama mkono wa baba yake. Leva ya zamani ilikuwa ikikwama kwa vumbi. Ndiyo maana baba, kila alipoivuta nyuma, aliinyanyua kwanza kidogo, kwa kifundo cha mkono, bila kufikiri. Anyanyue, avute mpaka mwisho. Hivyo ndivyo alivyofanya maisha yake yote.

Anyanyue, avute.

Kaaha aliuacha mkanda wa masanduku, akaenda kumtafuta Hamse.

Alimkuta Hamse nyuma ya mkia, akikagua nyaya. "Asishike leva," alisema kwa sauti ya chini.

"Nani?"

"Aabo. Baba anainyanyua, Hamse. Kabla ya kuivuta anainyanyua. Ile ya zamani ilikuwa inakwama. Mkono wake haujui kuvuta bila kunyanyua."

Hamse aliacha waya. Alielewa haraka kuliko alivyotaka, Kaaha aliona. Kisha akakunja uso.

"Nitamweleza tukiwa njiani."

"Atakuambia anajua. Halafu atasikia Buna iko chini yake, na mkono utakwenda wenyewe."

"Nitaweka wangu nyuma ya leva."

"Utawahi?"

"Kaaha."

"Nimekuuliza, utawahi?"

"Ameniita kwa jina!" Sauti ya Hamse ilikwaruza. "Umesikia? Hamse, amesema. Mbele ya ami yangu. Unajua nimelala siku ngapi usiku nikilisubiri neno hilo? Sasa nimwendee mbele ya watu nimwambie, adeer, umezeeka, usiguse ndege yako mwenyewe? Mimi? Yule wa pipa? Nimkataze kumsalimia mama yake?"

"Basi mwambie hatakwenda."

"Asipokwenda, sharti halikutimia. Na wewe nitakukosa." Alimtazama, na mtazamo ule ulimkata Kaaha kuliko maneno. "Sema wewe unataka nini. Unataka nikukose?"

"Nataka uwe hai."

"Ni kitambo kidogo tu, Kaaha. Juu ya Buna. Halafu tunatua, na yote yamekwisha. Niamini."

"Nakuamini wewe," alisema. "Mkono wake ndio siuamini."

Nje, Kapteni Alio alikuwa amekwisha kupanda. Alikaa kiti cha kulia, mgongo umenyooka, na uso wake ulikuwa na kitu ambacho nyumba yao haikuwa imekiona tangu Griftu. Alikuwa karibu kutabasamu. Juu ya paa, kongoti mmoja alikunjua bawa, akalikunja tena.

Kaaha alifikiri: nikinyamaza, jioni huenda nikawa mchumba. Nikinyamaza, jioni huenda nikawa sina baba wala mchumba, na hakuna atakayejua kwa nini ila mimi.

Alikwenda mpaka kwenye mlango wa ndege. "Aabo, shuka."

"Umesahau sanduku?"

"Hapana. Naomba ushuke. Leva hii si kama ya zamani. Ina mpaka, na mpaka wake unavukwa kwa kunyanyua. Wewe ukisalimia, unanyanyua. Nimekuona tangu nikiwa mdogo. Ukifanya hivyo Buna, mtaanguka mbele ya ayeeyo."

Aliyasema wazi, wazee wote wakasikia. Khalif aliacha kuchezea tasbihi. Lile tabasamu lilikuwa bado halijaondoka vizuri usoni pake, na hilo ndilo lililomuumiza Kaaha zaidi, kuliona likijiondokea.

"Nimetua na ndege hii mahali ambapo punda anateleza," alisema. "Nimetua na wanawake wenye uchungu wa kuzaa. Na wewe unanifundisha mkono wangu?"

"Sikufundishi, aabo. Naogopa."

"Huyu ndiye aliyekutuma?" Alinyoosha kidole kwa Hamse.

"Hakunituma. Amenikataza."

"Adeer," alianza Hamse, "wallahi, mimi—"

"Nyamaza." Kapteni alishuka. Alishuka polepole, akitafuta ngazi kwa mguu, na kila mtu akaangalia pembeni. "Siwezi kukaa ndani ya kitu ambacho binti yangu ameona mimi ni mzee mno kukishika. Nenda peke yako. Mbuzi hawana kosa. Lakini mimi sikwenda Buna, na neno langu lilikuwa ni mimi kwenda. Mzee Khalif, ahsanteni kwa kuja. Chai mmekunywa."

Khalif aliinuka, akajikung'uta kanzu. Hakuna aliyebishana. Wazee waliondoka mmoja mmoja, na mkeka ukabaki wazi, vikombe vimejaa nusu.

Hamse alipita karibu na Kaaha akienda kwenye ndege. Hakusimama.

"Umenivua nguo mbele ya watu wangu," alisema.

"Hamse..."

"Ningemzuia."

Mlango ukafungwa. Injini ikaanza, si kwa kishindo cha zamani kilichokuwa kikitikisa mabati, bali kwa mluzi mwembamba uliopanda na kupanda mpaka meno yakauma. Ndege ilikimbia kidogo tu, ikainuka kama iliyovutwa kwa uzi. Kongoti wakaruka wote pamoja, wakazunguka, wakarudi. Punde haikusikika tena. Hilo ndilo lililomtisha Kaaha: ile ya zamani ilikuwa ikiagana nawe kwa muda mrefu, sauti yake ikibaki juu ya mto Tana hata baada ya yenyewe kupotea. Hii ilikwisha ghafla.

Kapteni Alio alikaa kwenye benchi kando ya mlango wa banda. Kaaha alikaa mwisho mwingine wa benchi hilo hilo. Habaryar Weris alileta chai, akaona nyuso zao, akarudi nayo.

Jua lilipanda. Upepo ulizidi, ukabeba mifuko ya nailoni na kuibandika kwenye miiba. Kaskazini, ile rangi ya maziwa yaliyoungua ilikuwa imenenepa. Kaaha aliomba dua, akakatiza katikati, akaianza upya. Alimwona Hamse peke yake ndani ya vumbi lile, amekasirika, na mtu aliyekasirika husahau vitu. *Nikisahau, anikumbushe.* Na maneno ya mwisho kati yao yalikuwa yale.

Simu ya Kapteni ililia. Aliiangalia, akaiweka kwa sauti kubwa kwa sababu sikio moja lilikuwa limekwisha kwa ngurumo za miaka mingi.

"Alio!" Ilikuwa sauti ya Ayeeyo Lul, kali, yenye upepo ndani yake. "Alio, kuna kitu juu ya nyumba yangu!"

"Kitu gani, hooyo?"

"Kinapiga mluzi! Kinazunguka. Wanasema ni ndege yako. Mimi nimewaambia si yake, ya mwanangu hunisalimia. Sikiliza!"

Aliinua simu angani, na pale Garissa, kwenye benchi, wakasikia: mluzi mwembamba, ukija, ukipita juu ya Buna.

Kapteni Alio alifumba macho. Simu ilikuwa katika mkono wake wa kushoto. Mkono wa kulia ulikuwa umelala gotini.

Kaaha aliuona ukiamka.

Ulikunja vidole kana kwamba umeshika kitu. Ukasukuma mbele, mpaka mwisho wa goti. Kisha kifundo kikapanda, kidogo, upana wa kidole tu, kikanyanyua, na mkono ukavuta nyuma, laini, mpaka tumboni. Ukaenda mbele tena. Ukanyanyua tena. Ukavuta.

Kapteni Alio alifumbua macho, akakuta mkono wake uko tumboni.

Aliutazama. Akamtazama binti yake, akakuta naye anautazama. Mluzi ulikuwa bado unatoka kwenye simu, salama, ukishuka.

"Alio?" sauti iliita. "Mbona huniitiki? Uko hai?"

"Niko hai, hooyo," alisema. "Niko Garissa. Kaaha alinibakisha."

"Alhamdulillahi. Basi aliye humu ni nani? Kimeshatua. Wanasema kimesimama kabla hata ya kufika kwa mbuzi. Kuna kijana anateremka, amefunikwa vumbi. Anakuja kunipa mkono. Ni nani huyu?"

Kapteni Alio aliuchukua mkono wake wa kulia kama mtu anavyochukua kitu cha moto, akauweka chini ya paja lake, akaukalia.

"Ni Hamse, hooyo," alisema. "Mpe maji. Mwambie asirudi leo, vumbi ni baya. Alale kwako."

"Nimwambie nani amesema?"

"Mwambie baba yake Kaaha."

Simu ikakwaruza, ikapita mikononi. Kukawa na pumzi ya mtu mwingine. Mzee aliisukuma simu upande wa pili wa benchi bila kumtazama binti yake.

"Kaaha," alisema Hamse kutoka mbali.

"Naam."

Nyuma ya Hamse mbuzi walikuwa wakilia, na upepo ukivuma.

"Nilipofika juu ya nyumba yake," alisema, "nilitaka kumsalimia. Kwa niaba ya mzee. Nilikuwa nimeshaishika leva. Halafu nikakusikia."

Kaaha aliziba mdomo kwa garbasaari. Machozi aliyoyakatalia tangu asubuhi yalimtoka yote, na baba yake akayaacha yatoke, akitazama ule upeo wa kahawia uliokuwa ukiisogelea Garissa, na mkeka mtupu, na vikombe ambavyo nzi walikuwa wamekwisha kuviingia.

"Weris!" aliita.

Habaryar Weris alitokeza kichwa.

"Ile chai imepoa?"

"Imepoa."

"Ipashe moto. Kisha mpigie mzee Khalif. Mwambie hawakumaliza vikombe vyao."

Weris hakuuliza, na hiyo haikuwa kawaida yake. Dhoruba ilifika kabla ya wageni. Ilipita juu ya banda ikiyapigisha mabati, ikawafukuza kongoti, ikaacha mchanga kwenye kope za kila mtu. Kapteni Alio hakuinuka kwenye benchi. Mkono wake wa kulia ulibaki pale pale chini ya paja, umekaliwa, na hakuutoa mpaka wazee wa Hamse walipojitokeza tena kwenye vumbi, ikabidi awape mkono huo.